Shajara ya mradi: kadi za maoni kwa wasomaji wa riwaya za vijana

Lengo la mradi ni kwamba kila riwaya ya vijana inayopita mikononi mwa kundi iache maoni ambayo msomaji anayefuata anaweza kuyafanyia kazi: aamue kuisoma au kuiacha, ajue atakwama wapi, na akifika kwenye mazungumzo awe na pa kuanzia. Shajara inaongezwa kila hatua inapokamilika. Gharama zimeandikwa kwa saa, karatasi na nakala zilizoharibika, maana bei hupanda na kushuka ila karatasi ya A4 ni ileile kila mahali.

Hali ya kuanzia: wasomaji 12 (tisa wa miaka 14 hadi 18, watu wazima watatu), riwaya 5, nakala 3 za kila riwaya. Nyingi ni za Kiingereza, lakini kadi zinaandikwa kwa Kiswahili na mazungumzo ni kwa Kiswahili.

11 Januari: kadi ya kwanza

Karatasi ya A4 ilikatwa vipande vinne. Kila kadi ina jina la riwaya, nyota moja hadi tano, na mistari miwili chini ya maneno "Toa maoni yako". Kadi 40, karatasi 10, saa mbili za kukata na kuandika. Kila kitabu kilibandikwa kifuko cha karatasi ndani ya jalada la mbele ili kadi zikae humo.

1 Februari: nyota zimetupwa

Zimerudi kadi 26. Kadi 21 zina nyota nne au tano. Mistari ya chini imejaa "nzuri sana", "inavutia", "inachosha kidogo katikati". Anayetaka kuchagua kitabu cha wiki ijayo haambulii chochote hapo.

Kasoro ya nyota ni kwamba kila mtu ana mizani yake. Kuna msomaji ambaye nyota tatu kwake ni sifa, na mwingine ambaye nne ni adabu tu kwa kitabu cha kuazima. Tulijaribu kuandika maelezo ya kila nyota pembeni (tatu maana yake hivi, nne maana yake vile). Maelezo hayakusomwa na mtu.

Badala yake maneno manne yamepigwa marufuku kwenye kadi: nzuri, mbaya, inavutia, inachosha. Swali la kwanza lililowekwa mahali pake lilikuwa "Ulihisi nini?" nalo likashindwa wiki hiyohiyo, kwa kuwa majibu yalikuwa "huzuni" na "furaha" bila kusema wapi. Swali la pili, "Kwa nini?", lilileta majibu ya mtihani wa fasihi: mwandishi ametumia taharuki, ametumia mbinu rejeshi, ametumia tashbihi. Istilahi hizo ni sahihi na zina kazi yake. Ila zikitangulia, msomaji hujificha nyuma yake na hasemi kilichompata alipokuwa akisoma.

Swali lililosimama ni hili: "Ulifanya nini ulipofika hapo?" Jibu lazima liwe kitenzi. Niliruka kurasa mbili. Nilirudi nyuma kuhakiki jina. Nilifunga kitabu nikakaa. Nilimsomea mtu kwa sauti. Nilikesha.

Tofauti inaonekana ukiweka kadi mbili za msomaji mmoja kuhusu sura moja. Ya kwanza: "Sura ya 4 inachosha." Ya pili, baada ya swali kubadilika: "Niliruka aya tatu za kueleza nyumba. Kurasa kumi mbele nikarudi kuzisoma, kwa sababu sikujua mlango wa nyuma umetoka wapi." Kadi ya kwanza inamfukuza msomaji anayefuata. Ya pili inamwambia asiruke aya zile, na inaonyesha kwamba mwandishi alificha kitu ndani ya maelezo ya nyumba. Msomaji ni yuleyule na uchovu ni uleule, lakini mwenzake sasa amepata cha kushika.

Istilahi za fasihi zinaruhusiwa, mradi zije baada ya kitenzi.

15 Februari: mahali kwenye kitabu

Kadi zilikuwa zikitaja namba ya ukurasa. Kosa. Matoleo mawili ya riwaya moja yanaweza kupishana kwa makumi ya kurasa. Kwenye simu namba hubadilika ukikuza herufi. Asilimia nayo hudanganya, kwa sababu kitabu cha kidijitali mara nyingi huhesabu shukrani na sura ya majaribio ya kitabu kinachofuata. Hadithi inaweza kuwa imekwisha kwenye asilimia 92.

Sasa tunaandika sura na robo. "7/3" ni sura ya 7, robo ya tatu. Robo inakadiriwa kwa macho na inatosha kabisa. Riwaya isiyo na namba za sura inatajwa kwa maneno matatu ya kwanza ya sehemu husika.

Vituo vya kusimama na kuandika pia vimepangwa kwa sura. *The Hunger Games* haikuwa na kazi: ina sura 27 katika sehemu tatu za sura tisa tisa, kwa hiyo vituo ni mwisho wa sura ya 9 na ya 18. *The Outsiders* ina sura 12, tukakata nne nne. *The Giver* ina 23 na haigawanyiki sawasawa. Kituo cha kwanza kimewekwa mwisho wa sura ya 8, ambapo mhusika mkuu, Jonas, amekwishajua kazi aliyopangiwa na kila msomaji ana la kusema. Usigawanye kwa hesabu tu. Kituo kikiangukia katikati ya mbio, msomaji hatasimama, na kadi ataiandika siku mbili baadaye kwa kukumbuka.

Makadirio ya muda yalikosewa vilevile. Hesabu ya kawaida ni maneno 200 kwa dakika, hivyo riwaya ya maneno 60,000 huchukua saa tano. Kwa riwaya ya Kiswahili hesabu hiyo haifai: "nitakapomwona" ni neno moja, na lugha nyingine huhitaji manne au matano kusema hivyohivyo. Ukurasa wa Kiswahili una maneno machache, lakini kila neno limebeba mzigo. Sasa kila msomaji anapima dakika anazotumia kwa kurasa 10 za katikati ya kitabu, kisha anazidisha. Za mwanzo zisitumike kupimia, kwa kuwa kila mtu huenda polepole akiwa bado anajifunza majina.

8 Machi: mtama umemwagika

Hili ndilo kosa kubwa la mradi mpaka sasa, na lilitokana na kile kifuko cha jalada la mbele. Mtu anafungua kitabu, anavuta kadi ya juu, na mstari wa kwanza unamwambia nani anakufa. Imetokea kwenye riwaya mbili. Wasomaji wawili walirudisha vitabu bila kuanza, na wana haki.

Tulijaribu mambo matatu kabla ya kupata dawa.

Alama nyekundu juu ya kadi zenye siri. Zikawa ndizo za kwanza kusomwa.

Bahasha iliyofungwa, ikawekwa ndani ya jalada la nyuma. Bahasha moja ikifunguliwa na aliyemaliza, haifungiki tena vizuri, na anayefuata anaikuta wazi. Bahasha 15 zimepotea hapo.

Vikaratasi vya kunata, vikabandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu msomaji anakutana na maoni akiwa amekwishafika. Lakini vilivyokaa wiki tatu viliacha utando wa gundi, na kwenye nakala moja yenye karatasi laini viling'oa maandishi ya kurasa mbili. Nakala hiyo imeondolewa kwenye mzunguko.

Kilichofaa ni wazo hilohilo bila gundi. A4 inakatwa kwa upana iwe vipande vinne vya sentimita 7.4 kwa 21. Kila kipande kinakunjwa kwa urefu, kinakuwa ukanda wa sentimita 3.7 kwa 21. Maoni yanaandikwa ndani. Nje, kwenye ncha ya juu, inaandikwa sura peke yake: "9". Ukanda unaingizwa mwisho wa sura hiyo, ukisukumwa mpaka kwenye mshono wa kitabu. Kitabu chenye kimo cha sentimita 20 kinaacha ncha ya sentimita moja ikichungulia juu, na msomaji anaona vituo vyote kabla hajaanza.

Mambo ya kuangalia:

- Usisukume nusu nusu. Ukanda usiogusa mshono huanguka mara kitabu kinapoinuliwa, na ukiokotwa huenda ukarudishwa sura isiyo yake. Namba ya nje ndiyo inayookoa hapo.
- Kanda zisizidi 12 kwa kitabu kimoja. Zaidi ya hapo mgongo wa kitabu cha jalada laini huanza kuachia. Zikijaa, za zamani zinanakiliwa kwenye daftari la kundi na kutolewa.
- Penseli, si kalamu ya wino. Wino wa majimaji ulipenya upande wa pili wa ukanda na kugusa ukurasa.
- Nje pasiandikwe neno lolote zaidi ya namba. Mmoja aliandika "18, pole sana". Hiyo tayari ni siri imetoka.

Hoja moja iliibuka na inastahili nafasi. Katika *The Book Thief* (2005) msimulizi ni Mauti mwenyewe, na anatangaza mapema nani atakufa. Baadhi ya wasomaji wakasema: basi kujua mwisho hakuharibu kitu, kwa nini tuhangaike na kanda? Jibu lililoandikwa kwenye daftari ni kwamba mwandishi anapofichua amepima afichue nini, wapi na kwa maneno gani, kisha akajenga kurasa zinazofuata juu ya ufichuzi huo. Msomaji anayemwaga mtama hajapima chochote. Kanda zimebaki.

Tahadhari ya maudhui ilikuwa ngumu zaidi, maana inavutana na kuficha. Kijana aliyefiwa karibuni anahitaji kujua kabla, wala si haki akutane na jambo hilo sura ya 20 bila kujiandaa. Sasa kuna kadi moja ndani ya jalada la nyuma, inasomwa na anayetaka tu. Inataja jambo na sehemu, haitaji mtu. Toleo la kwanza la kadi hiyo liliandika "kifo cha mzazi, sura ya 20", nalo likawa limefichua. Sasa ni "kifo cha mtu wa karibu, nusu ya pili". Kwa kujidhuru na ukatili wa kijinsia tumebaki kutaja sura kamili, hata kama siri kidogo inatoka. Usalama wa msomaji unatangulia taharuki.

Gharama ya hatua hii: karatasi 22, bahasha 15, nakala 1, na takriban saa tisa.

29 Machi: kadi ya kuacha

Riwaya moja ilionekana kupendwa kuliko zote. Kila aliyeandika aliisifu. Kisha daftari la kuazima likaonyesha kwamba watu tisa waliichukua na wanne tu wakaandika. Watano waliacha njiani, na aliyeacha hakuwa na kadi ya kujaza. Maoni tuliyokuwa tukiyakusanya yalikuwa ya walionusurika.

Kadi ya kuacha ina maswali mawili:

1. Uliacha sura gani, robo gani?
2. Ni nini kilikuwa kikitokea katika kurasa tatu za mwisho ulizosoma?

Swali la "kwa nini uliacha" limeachwa makusudi. Linaleta visingizio: sikuwa na muda, nilikuwa na mitihani. Msomaji anaona ameshindwa na anajitetea. Akiulizwa kilichokuwa kikitokea kwenye hadithi, anaeleza hadithi, na sababu inajitokeza yenyewe.

Watatu kati ya watano waliacha sura ya 6, robo ya kwanza. Tulipoisoma kwa pamoja tukakuta msimulizi anabadilika hapo. Bado ni "mimi", ila ni "mimi" wa mtu mwingine, na jina lake halitajwi mpaka kurasa nne mbele. Hakuna kichwa kinachoonyesha badiliko. Mmoja wa walioacha aliandika: "Nilidhani mhusika amekuwa kichaa." Hakukosea kusoma, alikosa dalili ambayo wengine waliipata kwa bahati.

Dawa ilikuwa ukanda mmoja mwisho wa sura ya 5: "Anayesema 'mimi' kuanzia hapa si yule wa mwanzo. Endelea kurasa nne." Watatu waliochukua nakala baada ya hapo wamevuka wote. Mmoja hakuipenda hata hivyo, na kadi yake ni miongoni mwa bora tulizonazo, kwa sababu anaikataa riwaya yenyewe, wala si mkanganyiko wa ukurasa mmoja.

Kwa anayeiga mradi huu: anza na kadi ya kuacha. Sisi tulichelewa miezi miwili na nusu.

12 Aprili: mazungumzo ya ana kwa ana

Watu 12 kwenye duara moja kwa dakika 50: walizungumza wanne. Tumegawa meza tatu za watu wanne, dakika 35. Mzunguko wa kwanza kila mmoja anasoma ukanda wake mmoja kwa sauti, hakuna kujibu. Mzunguko wa pili unajibu ukanda wa mwenzako, si wako. Mtu mzima aliye mezani anasoma mwisho, kwa sababu akianza yeye, vijana hurekebisha maoni yao yafanane na yake. Tumeona mtu akifuta kwa penseli alichoandika.

Aliyemaliza kitabu anaweza kukaa meza ya kituo cha sura ya 9, lakini hasemi la sura ya 10. Vilevile haruhusiwi kutabasamu mtu anapobashiri. Hili lilihitaji kuandikwa kama sheria, kwani uso humwaga mtama kama mdomo.

Matatizo matatu yaliyochukua muda:

*Pembetatu ya mapenzi.* Mhusika akiwa kati ya wawili, meza inagawanyika pande mbili na mazungumzo yanakuwa ushabiki. Kukataza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kubadili swali kutoka "achague nani?" kwenda "ni sura gani alifanya uamuzi, na alikuwa anajua nini wakati huo?" Mara nyingi inaonekana hajaamua chochote, bali mambo yamemwamulia, na hapo ndipo mazungumzo yanapopata uzito.

*Wakati wa usimulizi.* Katika *The Hunger Games* Katniss anasimulia kwa wakati uliopo. Tunapoieleza kwa Kiswahili mdomo unakwenda wenyewe kwenye "-li-" na "-ka-": akakimbia, akajificha, akaona. Kwa namna hiyo Katniss anakuwa mtu anayekumbuka mambo yaliyokwisha, na wasomaji wakaanza kumlaumu kwamba "alipaswa kujua". Hakuweza kujua, kwenye ukurasa tukio bado linatokea. Linganisha na *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora, ambako "mimi" wa hadithi anatazama nyuma, na lawama ya aina hiyo angalau ina pa kusimama. Kanuni ya sasa: unapoeleza tukio, tumia wakati alioutumia msimulizi. "Anakimbia. Anajificha. Anaona." Inasikika ngeni dakika tano za kwanza, kisha lawama zinapungua na watu wanarudi kwenye maandishi.

*Vitabu vinavyofuata.* *The Giver* (1993) ina mwisho wazi, na meza mbili zilikuwa zikibishana kwa kurejelea sura ya 23 mstari kwa mstari. Kisha msomaji aliyesoma vitabu vya baadaye vya mfululizo huo akatoa jibu, na ubishi ukafa papo hapo. Alichosema kipo vitabuni, ila mwisho ule ulikaa peke yake miaka saba kabla ya kitabu cha pili kutoka mwaka 2000, na wasomaji wa miaka hiyo walikuwa na kurasa hizohizo tu. Sasa maoni yanaandikwa kwa kitabu kilicho mkononi. Vya baadaye vina meza yake.

3 Mei: kadi ilivyo leo

Ukanda mmoja, ndani:

> Sura/robo: ……
> Nilifanya nini hapo: ……
> Maneno yaliyonifanya hivyo (yasizidi kumi, yanakiliwe kama yalivyo): ……
> Nadhani mbele kutatokea: ……

Mstari wa tatu uliongezwa mwezi huu. Bila maneno ya kitabu, wawili wanaweza kubishana kuhusu sentensi ambayo mmoja wao ameikumbuka vibaya. Mwanzoni haukuwa na kikomo, na msomaji mmoja akanakili aya nzima. Maneno kumi yanamlazimu kuchagua.

Mstari wa nne hausahihishwi na mtu. Utabiri uliokosea unabaki kama ulivyo, maana unaonyesha mwandishi alimpeleka msomaji wapi kabla ya kumgeuza.

Jumla mpaka leo: kanda 118, kadi za kuacha 11, karatasi 61, nakala 1 iliyoharibika, saa kama 40 za kazi zote. Kunakili ukanda mmoja kwenye daftari huchukua dakika nne, na hiyo ndiyo kazi inayochosha watu kuliko zote. Sasa wananakili wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na muda umeshuka hadi dakika mbili na nusu.

Kazi iliyobaki mezani: kanda zinazojibizana. Wasomaji wameanza kuandika majibu nyuma ya ukanda wa mwenzao, na nakala moja ya *The Outsiders* ina ukanda wa sura ya 4 wenye majibu manne yaliyobanana mpaka hayasomeki. Tunajaribu kuongeza ukanda wa pili uliochomekwa ndani ya ule wa kwanza, wenye namba ileile na herufi b. Ukichomekwa hivyo unene unaongezeka maradufu mahali pamoja, kwa hiyo nakala hiyo imewekewa kikomo cha kanda nane na itakaguliwa mgongo kila inaporudi.